Bomba la Mvua la Mama Yasmini

Mkomaindo, Masasi
14 Oktoba 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo Mkunya, magoti yanasemaje, na yale masikio bado yanavuma? Mimi ni mzima wa afya, nakula vizuri, na kile kikohozi cha vumbi kimeniacha. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za dawa ukanijibu habari za mbuzi, basi nimeona nishike kalamu. Barua nampa Alfredi wa basi la Newala, ataishusha hapo kwenu na atasubiri majibu siku akirudi.

Mama, nimemaliza kufunga mabomba ya gesti ya Mama Yasmini. Ni yule mama wa ukoo wa wafanyabiashara wa hapa Masasi, anayepokea wanunuzi wa korosho na watu wenye wagonjwa hospitali. Vyumba vinane, na kila chumba amenunua lile beseni kubwa la kuogea ambalo mtu analala ndani yake chali. Bathtabu, ndivyo wanavyoliita. Nilipoliona mara ya kwanza nilikufikiria wewe na ndoo yako moja asubuhi, nikacheka peke yangu.

Kazi hii nilipewa kupitia Hamidu muuza vifaa vya ujenzi. Unakumbuka nilivyokuambia kwamba nilipotoka chuo cha ufundi hakuna aliyetaka kumpa msichana spana. Hamidu ndiye aliyemwambia Mama Yasmini, "Mpe Severina, mikono yake haina papara." Na Mama Yasmini akanipa bila maswali mengi. Nampenda mama yule, anaongea kwa sauti ya soko lakini akikuamini amekuamini.

Sasa lipo jambo linaninyima raha. Ukutani kuna bomba moja lenye midomo miwili. Wa chini unajaza beseni, wa juu ndio bomba la mvua. Katikati kuna kitufe, ukikivuta maji yanapanda juu, ukikiachia yanashuka chini. Chumba namba tatu kimeanza kukaidi. Mgeni amefungua maji ya chini ajaze beseni lake, na bomba la mvua nalo linadondosha. Mnunuzi mmoja wa korosho amejilaza kwa raha zake, matone yaliyopoa yanamwangukia kwenye upara. Alitoka anafoka hadi mapokezi.

Mama Yasmini amenipa hadi mwisho wa mwaka. Likikoma, kazi ya mabomba ya ghorofa ya juu ni yangu yote. Lisipokoma, anawaleta mafundi wa Mtwara. Mama, ghorofa ile nikiipata, hakuna tena mtu wa Masasi atakayeniuliza kama nina kaka anayejua kazi.

Ni mimi mwanao,
Severina


Mkunya, Newala
21 Oktoba 2023

Mwanangu Severina,

Marahaba. Mimi mzima, magoti yapo palepale nilipoyaacha jana. Masikio yanavuma, ila faida yake simsikii jirani akigombana na kuku wake. Mikorosho imezaa, mabibo yamejaa chini hadi nyuki wanalewa. Nimekuwekea ming'oko, viazi vyako vya porini, nitampa Alfredi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimemsomea Mama Kulwa kwa sauti. Hakuamini kwamba binti niliyekuwa namtuma bondeni na dumu kuteka maji leo anapandisha maji ukutani na kuyashusha kwa kitufe. Nilimwambia aende mwenyewe akaone. Najisikia vizuri sana, mwanangu, nakuambia wazi ili usije ukadhani mama yako ni wa kulalamika magoti tu.

Ila niambie, hilo beseni la kulala linachukua ndoo ngapi? Mama Kulwa anasema tano. Mimi nikasema haiwezekani, mtu mzima na makalio yake haenei kwenye ndoo tano. Na wakishaoga maji yanakwenda wapi?

Kuhusu hilo tone, ushauri wangu ni weka bakuli. Sisi hapa hatujawahi kuliacha tone lifike chini. Najua utacheka, lakini ndilo ninalolijua.

Mimi mama yako,
Josephina


Mkomaindo, Masasi
4 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Nategemea barua hii itakukuta na nguvu za kutosha msimu huu wa korosho. Mimi mzima, ming'oko nimekula hadi ya mwisho, wenzangu nimewapa maganda.

Beseni linachukua ndoo kumi, mama, tena hapo halijajaa. Mwambie Mama Kulwa akae chini kwanza. Na maji yanakwenda shimoni.

Bomba la mvua halijakoma. Nilifungua kitufe, nikabadilisha raba ya ndani, siku mbili likatulia, ya tatu likaanza tena. Nikaenda kwa Hamidu nikachukua kitufe kipya chenyewe. Bado. Sasa chumba namba tano nacho kimeanza, na saba kinanyemelea. Nimeshika bomba la juu, nimelikaza, nimelizungushia tepu hadi linafanana na mguu wenye bandeji. Tone linadondoka tu.

Juzi Mama Yasmini aliniuliza kama huenda vifaa ni feki. Mama, nilikuwa nimechoka na nimeaibika, nikajibu kwamba inawezekana. Inawezekana, basi, neno moja. Yeye akavaa viatu akaenda moja kwa moja dukani kwa Hamidu, mimi nyuma yake. Watu wamejaa pale wananunua bati na misumari. Akamwambia mbele yao wote, "Unaniuzia takataka, Hamidu, na mimi nakuita mwanangu." Hamidu hakubisha. Alinitazama mimi, akidhani nitasema kitu. Nilitazama ndoo za rangi.

Hiyo ndiyo hali yangu. Niombee.

Mwanao,
Severina


Mkomaindo, Masasi
18 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu, najua ni korosho, sikulaumu. Sisi wazima.

Naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Leo nimepita kwa Hamidu kununua tepu. Duka lilikuwa na mtu mmoja tu anayeuliza njia. Mafundi wawili niliowaona kwa macho yangu walivuka barabara kwenda duka la pili. Masasi si kubwa, mama, na sauti ya Mama Yasmini inafika mbali.

Hamidu alinipimia tepu kama kawaida. Akaniuliza kama tone limekoma. Nilisema bado. Akasema atamwandikia aliyemuuzia vifaa vile ili ajue kama amedanganywa, maana yeye amevinunua kwa nia nzuri. Hakuniambia neno lingine baya wala zuri. Ningefurahi kama angenitukana.

Sijui tatizo liko wapi. Nimefungua kila kinachofunguka.

Severina wako


Mkunya, Newala
28 Novemba 2023

Mwanangu,

Marahaba, marahaba ya barua zote mbili. Nisamehe ukimya, nilikuwa shambani, na jioni macho yangu hayataki maandishi. Mimi mzima, ila nimechubuka kiwiko, na huo mchubuko ndio sababu ya barua hii.

Jumamosi mvua ya kwanza imenyesha. Unajua ninavyoisubiri. Kisima changu cha maji ya mvua nimekifagia, bati nimeliacha lioshwe na manyunyu ya mwanzo, kisha nikageuza mfereji uelekee kisimani. Nikasimama mlangoni kuangalia. Basi maji badala ya kwenda kisimani yakaruka mfereji katikati, yakaanza kumwagika juu ya mlango wa jiko, kwenye kichwa changu. Nikasema mfereji umetoboka. Mvua ilipokata nikaweka ngazi, nikapanda na magoti haya, usinigombeze. Nikaupapasa mfereji mzima. Hauna tundu, Severina. Bati zima, misumari mizima.

Nikaenda mwisho wa mfereji, pale unapoingilia kisimani. Unakumbuka kitambaa changu, kile ninachokifunga pale mdomoni kuchuja takataka? Kilikuwa kimejaa vumbi la bati na majani ya mkorosho, kimekuwa kama chapati. Maji yalikuwa yanapita kwa shida, mengine yakakosa pa kwenda, yakarudi nyuma na kupanda hadi yakapata pengo la kumwagikia. Pale yalipomwagikia hapakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa chini kabisa, kwenye mdomo. Nilikifungua, nikakikung'uta, maji yaliyobaki kwenye mfereji yakashuka yote mara moja na mimi nikateleza ngazi ya pili kutoka chini. Ndipo kiwiko.

Nikakaa pale matopeni nikakukumbuka. Wewe umefungua kitufe, umekaza bomba la juu, umefunga tepu. Mdomo wa chini hujauandika popote. Maji ya chini yanatoka kwa nguvu au yanatoka polepole?

Na swali lingine, nijibu kama mwanangu. Wakati unafunga yale mabomba, uliweka kitambaa?

Mama yako


Mkomaindo, Masasi
2 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo, na pole ya kiwiko. Ukipanda tena ngazi hiyo nitakuja kuiuza.

Niliweka. Vyote vinane.

Nilipoisoma barua yako nilishika spana kabla sijaikunja. Siku nilipofunga mabomba, tenki la juu lilikuwa jipya, lina mchanga na vipande vya plastiki. Nikachukua wavu laini wa chandarua, nikakata vipande vinane, kila kimoja nikakibana nyuma ya mdomo wa chini, pale unapoingia ukutani. Sikuandika popote, sikumwambia mtu, kwa sababu sikuona kama nimefanya kitu. Kwetu kuna bomba gani lisilo na kitambaa? Chuoni hawakunifundisha, nilifanya kama ninavyofunga kitenge.

Na ndiyo, maji ya chini yalikuwa yanatoka polepole. Wageni walikuwa wanasema beseni linachelewa kujaa. Mimi nikiyaona maji yale naona ni mengi tu, mama. Mtu aliyekulia Mkunya utamwambiaje kwamba bomba linalotiririka kutwa nzima lina upungufu?

Nimefungua namba tatu kwanza. Kitambaa kilikuwa kimeziba kabisa, chekundu kwa mchanga. Nikakitoa, nikafungua maji. Yalishuka kwa kishindo hadi nikarudi nyuma. Nikalitazama bomba la mvua. Lilitoa matone mawili ya mwisho yaliyokuwa yamebaki kwenye shingo, likakauka. Nikavitoa vyote vinane. Chujio nimelifunga juu, pale maji yanapotokea kwenye tenki, aina ya kufungua na kuosha. Nimeandika na tarehe ya kuliosha.

Mama, wewe hujawahi kuliona beseni lile hata kwa picha, na umelitengeneza ukiwa Mkunya umekaa kwenye tope. Sijui nikusifu kwa maneno gani. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa na miaka ishirini ya kazi, na hakuwahi kunifundisha jambo kwa uwazi namna ile.

Lakini sikiliza lililofuata. Mama Yasmini alikuja, akafungua, akakaa pembeni ya beseni akilitazama bomba la mvua kama anayesubiri lithubutu. Halikuthubutu. Akanikumbatia. Akawaita wafanyakazi wote akasema, "Huyu binti ameshinda hata vifaa feki vya Hamidu." Amesema ghorofa ya juu ni yangu, tunaanza Januari.

Vitambaa vinane vilikuwa mfukoni mwangu. Nilisema asante.

Nifanyeje, mama?

Severina


Mkunya, Newala
7 Desemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Kiwiko kimepona.

Unaniuliza ufanyeje, na umeniandikia vitambaa viko mfukoni. Kama ungetaka kunyamaza ungevitupa.

Kile kitambaa nilikufundisha mimi, kwa hiyo kosa tugawane, nusu yangu. Lakini lile neno "inawezekana" sikukufundisha, hilo ni lako peke yako, na ule ukimya wa juzi pia. Hamidu alikufungulia mlango kwa neno lake. Wewe neno lako umeliweka wapi? Maneno yale yalisemwa dukani mbele ya watu. Ukimnong'oneza Mama Yasmini jikoni haitoshi, wanunuzi hawatakuwa jikoni.

Najua unaweza kupoteza ghorofa. Naijua hamu yako na nililia nilipofika pale ulipoandika kwamba ni yako. Ukirudi Mkunya na spana yako tu, mlango uko wazi na kisima kimejaa. Sitakuuliza kitu.

Mama yako


Mkunya, Newala
18 Desemba 2023

Severina,

Hujambo? Alfredi amepita mara mbili mikono mitupu, anasema hajakuona stendi. Mimi mzima. Sikusukumi. Nataka tu kujua kama unakula.

Mama


Mkomaindo, Masasi
20 Desemba 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Nakula. Nisamehe, nilikuwa sina cha kuandika hadi niwe nimefanya. Siku kumi nilizunguka na vile vitambaa. Mara mbili nilifika mlangoni kwa Hamidu nikanunua misumari nisiyoihitaji.

Jana ilikuwa siku ya watu wengi. Nilimwomba Mama Yasmini anisindikize dukani. Alidhani nakwenda kuchagua mabomba ya ghorofa ya juu, alikuwa amevaa vizuri na anacheka na kila mtu njiani. Tulipofika, nilivitoa vitambaa vyote vinane nikavipanga juu ya kaunta. Nilipaza sauti kusudi, watu wasikie. Nikasema vifaa vya Hamidu ni vizima, vilikuwa vizima tangu mwanzo. Nimeziba mabomba mimi mwenyewe, kisha nikaacha jina lake lichafuke kwa kosa langu.

Watu wote walimgeukia Mama Yasmini.

Hamidu alichukua kitambaa kimoja, akakinyoosha, akakipitisha kwenye mwanga. Akaniambia, "Njoo huku nyuma." Tukamfuata uani, mimi, Mama Yasmini na nusu ya wateja. Kuna bomba pale wanalotumia kunawa. Lina kitambaa mdomoni, mama. Cha kanga, kimefungwa na uzi. Akasema amekifunga mkewe, na nyumbani kwake kuna vingine vitatu, na hata yeye asingekumbuka kuvitaja kama angeulizwa.

Watu walicheka, na mmoja wa wale mafundi waliovuka barabara alikuwepo. Ndipo Mama Yasmini alipomshika Hamidu mkono palepale mbele yao. Alisema, "Nilikuvunjia heshima hapa, na hapa nakuomba radhi." Alisema kwa sauti ileile ya siku ile, mama, haikupungua hata kidogo. Nimeona watu wakubwa wengi wakiomba radhi kwa kunong'ona. Yule mama nitamheshimu hadi nife.

Hamidu alinisogelea mwisho. Nilimwomba msamaha, akasema amenisamehe lakini amesikitika, na kwamba atachelewa kidogo kunizoea tena. Ni haki yake. Nitakuwa nanunua kwake hadi anizoee.

Tukarudi na Mama Yasmini hadi getini. Pale akasema, "Ghorofa ya juu nitaifikiria." Kisha akaniuliza nilijuaje kosa lilipo. Nikamweleza yote, mvua, ngazi, kisima, kiwiko. Alisimama na funguo mkononi akanisikiliza hadi mwisho. Akasema anataka kumwona mtu huyo. Anakualika mwaka mpya, chumba namba tatu, siku mbili. Alfredi amekuwekea kiti cha mbele.

Njoo, mama. Sijui kama ni mwaliko wa heri au wa kuniaga, lakini njoo.

Mwanao,
Severina


Mkunya, Newala
6 Januari 2024

Mwanangu Severina,

Hujambo tangu tuachane? Mimi nimefika salama. Mbuzi wamenikasirikia lakini watazoea. Mama Kulwa yupo hapa kando yangu, hataki kuondoka hadi nimalize kuandika, amesikia hadithi mara nne na bado anauliza.

Yapo mambo mawili ambayo sikukuambia pale.

La kwanza. Wakati wewe umekwenda kuosha chujio, Mama Yasmini alinikuta uani namwagilia mipapai yake. Ndiyo, kwa maji ya beseni, nilikuwa nayateka kwa ndoo kabla hayajaachiwa shimoni. Hakucheka. Alichukua ndoo ya pili akanisaidia, na vitenge vyetu vikalowa. Alinipigia kelele sikioni, nadhani mtaa wote ulisikia isipokuwa wewe. Alisema mafundi wanaojua mabomba wapo wengi, lakini mwenye mikono ya kuvipanga vile vitambaa juu ya kaunta amemwona mmoja tu. Jumatatu atakuita. Ghorofa ni yako. Akikuambia, jifanye umeshtuka, nimeahidi kunyamaza.

La pili ni la beseni. Uliponifungulia maji ukafunga mlango, niliyaacha yafike nusu tu, zaidi ya hapo roho ilikataa. Nikaingia. Ilinichukua muda kujua miguu niiweke wapi. Maji yalikuwa ya moto hadi kwenye magoti, mwanangu, na magoti yakanyamaza. Nilikaa pale nikawaza dumu lako dogo la bondeni, lile la njano, na jinsi ulivyokuwa ukilishika kwa mikono miwili lisimwagike, nikalia kidogo. Ni machozi mazuri.

Lakini nilikuwa sijakuamini sawasawa, nisamehe. Nilikuwa nimebeba bakuli langu kutoka nyumbani, ndani ya kitenge. Nililiweka juu ya maji, likaelea, nikalisogeza hadi likawa chini kabisa ya bomba la mvua. Kisha nikafungua tena maji ya chini, kidogo, kukupima. Nikakaa nikiwa nimeinua macho hadi shingo ikauma na vidole vikakunjamana.

Nimeteka maji tangu nina miaka sita, na kila bakuli nililowahi kuliweka chini ya tone nililiomba lijae. Hili nimerudi nalo kavu kabisa, na nimeliweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Mimi mama yako,
Josephina